Ahadi ya Injini Kumi na Moja

"Mvua imeanza kunyesha Tsubakino."

Sauti ya Mkuu Kuze, bosi wa Kitengo cha upelelezi, ilipita katika kisikizi kilichofichwa ndani ya sikio la Munakata Reiji, kisha ikakatika.

Munakata alitazama juu. Jua kali. Hakuna hata wingu la dawa.

Mvua ilikuwa na maana moja tu. Kuna mtu ameshatia mkono kwenye injini.

Akatupia jicho saa yake ya Seiko. Saa saba na dakika kumi mchana. Mashindano ya magari ya uwanja wa Tsubakino yalikuwa yaanze saa nane kamili. Alikuwa amevaa ovaroli la bluu la Kampuni ya Magari ya Hayase, na kitambulisho kilichoning'inia kifuani kilisema yeye ni mtu wa kompyuta. Kwapani, chini ya ovaroli, ilitulia bastola ndogo aina ya SIG P230.

Alijipenyeza nyuma ya gereji, penye marundo ya matairi, akabonyeza redio.

"Injini ipi?"

"Hatujui. Tumenasa simu moja tu," Mkuu Kuze alisema. "Mtu wa Orbelin kamwambia bosi wake kwamba kitu kimeshawekwa, na kitafanya kazi kama kile cha miaka mitatu iliyopita."

Munakata aligeukia upande wa kona ya Msonobari.

"Reiji? Unanisikia?"

"Nimesikia, Mkuu."

Miaka mitatu iliyopita, kwenye uwanja huohuo, gari la mdogo wake Haruki liliteleza katika kona ya Msonobari, likapiga ukuta, likawaka. Wachunguzi wakaandika kwamba dereva alikosea. Mama yao alikwenda kaburini akiamini mwanawe alijiua kwa uzembe wake mwenyewe. Munakata alikuwa hajasahau neno hata moja la karatasi ile.

Sasa kuna mtu alikuwa anataka kuirudia kazi ile.

Na sababu yake aliijua. Timu zote kumi na moja zilitumia injini za Hayase. Injini za aina moja, zimefungwa kwa lakiri za madini ya risasi, na Alhamisi kila timu ilikuwa imeingiza mkono sandukuni ikachukua namba ya injini yake kwa kura. Hakuna timu iliyoruhusiwa kufungua. Leo mashindano yakiisha, mbele ya kamera, mwenyekiti wa Hayase alikuwa apande jukwaani aahidi injini kwa miaka mitano mingine. Nusu ya wakurugenzi wake hawakutaka. Walikuwa wamechoka na gharama, wanatafuta kisingizio. Injini moja ikipasuka hadharani, ahadi imekwisha. Orbelin, kampuni ya injini ya ng'ambo, ingeingia pale pale, izishike timu zote koo.

Kuyasimamisha mashindano kungekuwa kuwapa kisingizio kilekile.

"Nakupa hadi saa nane kasoro kumi," Mkuu Kuze alisema. "Usipoipata, nasimamisha kila kitu, liwalo na liwe. Na huyo mtu namtaka hai, Reiji. Hai."

"Nimeelewa."

Alielewa. Kukubali ndiyo bado.

Mzee Isogai Tokuzo alikuwa amekaa juu ya ndoo, anakula tonge la wali lililofungwa mwani. Alikuwa mkuu wa mafundi wa injini wa Hayase, miaka thelathini na tisa kazini, vidole vimejaa makovu ya kuungua. Munakata alimwonyesha kitambulisho chake cha kweli. Mzee alikisoma, akatafuna, akameza.

"Nilijua," alisema. "Mtu wa kompyuta hatembei hivyo. Wewe unatembea kama umeficha yai kwapani."

Munakata alimweleza kwa maneno machache. Mzee akaweka wali chini. Alisema lakiri zote alizikagua alfajiri, ziko salama. Munakata akamjibu kwamba lakiri hughushiwa. Basi wakatazamana, kila mmoja akijua hesabu: injini kumi na moja, dakika thelathini na tano, na hakuna ruhusa ya kufungua hata moja bila sababu.

Mzee alichomoa kamera ya mrija, nyembamba kama ile ya madaktari wa tumbo, akaichomeka kwenye simu.

"Twende. Ukiulizwa, tunapima joto."

Gari la kwanza, safi. La pili, safi. La tatu, la nne.

Mafundi waliwatania. Wa gari la tano alimwuliza mzee kama amepoteza meno yake humo ndani.

Gari namba saba lilikuwa la Onodera Chiaki, binti wa miaka ishirini na miwili. Baba yake aliuza matrekta, na timu nzima ilikuwa yeye, mkewe na mafundi wanne.

"Mzee Isogai kaja kunusa injini yetu," baba Onodera alisema. "Ukikuta chura humo ni wetu, mwache."

Watu wakacheka. Mzee naye alicheka, huku akiusukuma mrija chini ya tumbo la injini.

Ghafla kicheko kikamkatika.

Kwenye kioo cha simu palionekana mfuniko wa pampu ya oili, na bolti nne. Juu ya kila bolti ulipita mstari mwembamba mweupe.

"Kuna nini?" Munakata alinong'ona. "Bolti zote nilizoziona leo zina mstari."

Mzee alimvuta pembeni. Kweli, alisema, fundi wa Hayase akikaza bolti huinyooshea kidole, hutamka kwa sauti kwamba imekaza, kisha huichora mstari, ili ikilegea hata kwa unywele ionekane. Bolti zote huchorwa. Isipokuwa za mfuniko huo. Mwaka juzi, ulipoanza kufungwa lakiri, waliacha kuzichora.

"Hakuna fundi wangu anayechora hapo," alisema. "Aliyefungua huu mfuniko kajifunza kazi kabla ya mwaka juzi, akaondoka. Kaja kama mwizi, kaweka balaa lake, kakaza vizuri kwa kipimo. Halafu mkono ukafanya ulichozoea. Mkono wa fundi haumwulizi mwenyewe."

"Nani?"

Mzee aliikuza picha. Kila mstari uliishia na kimkia kidogo, kimepinda kushoto.

"Miaka kumi nilimgombeza kwa huu mkia," alisema polepole. "Dobashi."

Munakata alilijua jina hilo.

Dobashi Kengo. Fundi wa injini ya Haruki. Alikuja msibani, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Alileta bahasha ya rambirambi iliyofungwa uzi mweusi na mweupe. Akala chakula alichoandaliwa na mama yao kwa mikono yake. Akalia. Mwezi mmoja baadaye akaacha kazi Hayase, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Alikula kwetu, Munakata aliwaza. Alimuua, akaja akala kwetu.

Mwenye haki ya kukata lakiri alikuwa mzee Isogai peke yake, mbele ya msimamizi wa mashindano. Alimwita msimamizi, akamwambia baba Onodera kwamba mfuniko unatoa jasho la oili. Baba wa watu alipauka. Mzee akalala chali chini ya gari. Dakika kumi na mbili baadaye mkono wake ulitoka na kitu kimefichwa ndani ya kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa Munakata.

Kilikuwa na ukubwa wa ganda la karanga, na antena kama uzi wa buibui. Kikipata ishara hufunguka, na oili ya moto humwagikia matairi ya nyuma. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita mia mbili na themanini kwa saa.

Chiaki alikuwa ameona mengi kuliko walivyodhani. Alikuwa amepakata kofia yake ya chuma.

"Mjomba Isogai, itafika mwisho?"

"Hayase ikikupa injini, mwanangu, imekupa hadi bendera ya mwisho."

Binti akavaa kofia.

Munakata alibonyeza redio.

"Mvua imekatika."

"Na mwenye mawingu?"

"Namfuata."

Antena fupi namna ile haisikii ishara ya mbali. Dobashi alilazimika kusimama karibu na mahali alipotaka kuua. Munakata alirukia pikipiki ya Honda Cub iliyoegeshwa nyuma ya gereji, akaipasua njia ya huduma hadi kona ya Msonobari.

Wapiga picha sita walikuwa nyuma ya uzio, wamevaa fulana za rangi ya chungwa, kofia na barakoa. Munakata alijibanza nyuma ya mti.

Saa nane kamili. Injini kumi na moja zilinguruma kwa pamoja.

Magari yakaja. Kamera tano zikapiga. Ya sita ikatulia.

Namba saba ikafika. Kamera ya sita ikapiga mara moja.

Chiaki akapita konani, safi.

Mzunguko wa pili. Kamera ya sita ikatulia tena, ikangoja, ikapiga mara mbili. Namba saba ikapita.

Mzunguko wa tatu, mtu yule alikandamiza kitufe cha kamera yake ya Nikon, kile cha kutuma ishara, hadi kucha ikageuka nyeupe.

Munakata alikuwa ameshafika nyuma yake. Akafungua kiganja.

"Unatafuta hiki?"

Dobashi aligeuka. Alimtambua. Alimrushia kamera usoni, akakimbilia miti.

Hakufika mbali. Munakata alimpiga ngwala, akamwona akiinuka na kisu, akaudaka mkono na kuupinda hadi kisu kikaanguka. Kisha mdomo wa bastola ukagusa lile paji la uso lililogusa mkeka wa mama yake.

Magari yalipita tena. Mlio ulitetemesha majani ya misonobari. Risasi ingelia hapo, na mtu wa hatua kumi asingesikia.

"Haruki alikuamini," Munakata alisema.

"Walinipa... Kaka Munakata, sikujua kama atakufa. Waliniambia gari litaharibika tu."

"Na leo?"

Dobashi akakitupia jicho kisu kilichoanguka.

Kidole cha Munakata kilivuta kifyatulio kidogo, kikasimama hapo. Kilikaa hapo mzunguko mzima.

"Umempata?" Mkuu Kuze akauliza sikioni.

"Nimempata."

"Yu hai?"

Munakata alitoa kidole kwenye kifyatulio.

"Mpaka sasa."

Alimburuta Dobashi kupitia mitini hadi mwisho wa uzio, mbali na macho ya wapiga picha, mahali ukuta ulipopakwa rangi mpya juu ya alama ya moto. Akampigisha magoti juu ya kokoto, uso uelekee konani.

"Hesabu," alisema. "Namba saba ikipita, hesabu kwa sauti."

Ilikuwa imebaki mizunguko thelathini na sita. Ilipobaki ishirini suruali ya Dobashi ilikuwa imelowa damu magotini. Ilipobaki kumi alikuwa analia. Alipoacha kuhesabu, bastola ilimgusa kisogoni, akaendelea. Injini aliyoitia sumu ilipita mbele yake kila mara, nzima, inaimba.

Bendera ikashuka. Chiaki alikuwa wa nne. Baba yake aliruka ukuta akamkumbatia hata kabla hajavua kofia.

Spika za uwanja zikakoroma. Ikaja sauti ya mwenyekiti wa Hayase, kavu, ya mtu asiyependa hotuba. Timu zote kumi na moja. Injini za Hayase. Miaka mitano. Watu wakapiga makofi hadi vilimani.

"Niue basi," Dobashi alisema. "Orbelin hawataniacha. Niue wewe, yaishe."

Munakata alirudisha bastola kwapani, akamfunga pingu kwenye uzio.

"Nyuma ya kile kilima kuna gereza," alisema. "Nitaomba uwekwe huko, na kuna wakubwa wenye deni la fadhila kwangu. Siku za mashindano magereji yakifunguliwa, mlio wa injini unafika hadi vyumbani. Askari jela wa huko wanasema hakuna ukuta unaouzuia. Umesikia mwenyekiti kasema miaka mingapi?"

Dobashi aliinamisha kichwa.

Gari la Kitengo lilikuwa linashuka njia ya huduma. Munakata alichomoa kisikizi sikioni kabla Mkuu Kuze hajauliza kuhusu magoti ya mateka wake. Akaokota ile Nikon, akaitundika shingoni mwa Dobashi, akawasha Honda Cub na kuondoka bila haraka.