Marehemu wa Munguli Alipopanda Basi

"Mama yako alikufa mwaka gani?"

"Hajafa."

"Najua hajafa, Simeoni. Nakuuliza alikufa mwaka gani. Barua inataka mwaka."

Stanley fundi baiskeli alikuwa ameinama juu ya benchi la kibanda cha video, kalamu mkononi, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Manyoni nzima hakuna mshenga wa kumfikia. Amepeleka barua tisa za posa na zote tisa zimekubaliwa. Hii ilikuwa ya kumi, na mposaji mwenyewe alikuwa anasokota waya wa maiki kama anataka kuunyonga.

"Andika elfu mbili na kumi na mbili," alisema Simeoni. "Malaria."

"Malaria safi. Haina maswali."

Ndivyo mama Eliana, mwanamke mwenye afya na meno yake yote, alivyofariki juu ya karatasi ya mistari, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi.

Usimrukie Simeoni bado. Kazi yake ni kutafsiri muvi. Muvi inaweza kuwa ya Kichina, ya Kikorea, ya Kihindi, yeye anashika maiki na kumwaga Kiswahili juu yake, huku akiwapa waigizaji majina ya watu wa mtaani. Upande wa pili wa ukuta wa mbao ni saluni ya Scholastika. Dada huyo aliipenda sauti kabla hajaiona sura, na alipoiona sura akasema, basi, sauti inatosha. Ndivyo walivyoanza kutaniana, na utani ukaota mizizi.

Siku ya kwanza kabisa alimuuliza, "Wazazi wako wako wapi?"

Baba, Mnyiramba wa Mkalama, alikuwa amefariki kweli. Mama alikuwa Munguli, kwao, kwa Wahadzabe wenzake. Lakini asubuhi ileile Simeoni alikuwa amemsikia baba yake Scholastika, mzee Leonard, mkuu wa stesheni mstaafu, akitamba pale pale mlangoni pa saluni: "Binti yangu aolewe na kabila lolote atakalo, ila siyo Wahadzabe. Wale si watu wa kuoana nao. Wale ni watu wa kupigwa picha."

Kwa hiyo Simeoni akajibu, "Wote wamefariki." Scholastika akalia. Sasa mtu ameshaliliwa, utamfufuaje?

Simu ikaita. Mama.

"Simeoni, nasikia unaposa. Mbona nasikia kwa majirani?"

"Shikamoo mama. Mtandao ulikuwa mbaya."

"Marahaba. Miaka miwili mtandao mbaya? Nije lini kumwona mkwe wangu?"

"Nitakwambia, mama."

"Niambie upesi. Nimeshaweka asali."

Stanley alikunja barua, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, asimtazame mwenzake usoni.

Ijumaa barua ikafika. Mzee Leonard aliisoma mara mbili, akasema hajibu posa ya mtu ambaye hajamwona kazini. Kesho yake Simeoni alikuwa na kazi kwenye ukumbi wa parokia, mwalimu Lucy amemwomba awatafsirie vijana dokumentari. Mzee akasema atakuja.

Saa tisa mchana ukumbi ulijaa. Mzee Leonard safu ya mbele na koti lake, Scholastika safu ya tatu, kajipaka mafuta ya midomo. Simeoni akajaribu maiki.

"Mabibi na mabwana, hiki ni kisiwa kimoja, ila kimekatwa kati kama sabuni ya mche. Upande huu Jamhuri ya Dominika, upande ule Haiti. Huyu dada mnayemwona anapigwa pasi nywele ni Mdominika, tumwite Rukaiya. Rukaiya anasema: Mimi si mweusi! Mimi ni Mhindi. Weusi ni wale wa ng'ambo ya mpaka, wale Wahaiti."

Ukumbi ulilipuka. Rangi ya Rukaiya na ya nusu ya watu mle ndani ilikuwa moja. Mzee Leonard alicheka mpaka akavua miwani afute machozi.

"Mhindi! Jamani, Mhindi wa wapi huyu, wa Itigi?"

Simeoni naye akanogewa. "Rukaiya anasema bibi yake alikuwa na nywele za mawimbi. Bibi mwingine? Anasema huyo tusimwulize."

Wakacheka zaidi. Kisha picha ikahama kwenye mashamba ya miwa. Muziki ukaanza kulia. Akatokea bibi Mhaiti amekaa mlangoni anajifuta machozi, kamera imemsogelea mpaka unahesabu mikunjo. Pembeni yake kijana.

"Huyu kijana ni Nathanaeli," alisema Simeoni. "Anasema: Nimezaliwa huku Dominika. Mama yangu alivuka mpaka kuja kukata miwa. Nilipokwenda kutafuta cheti, rafiki yangu akaniambia, sema tu mama humjui, mambo yatakuwa mepesi. Nikamwambia..."

Sauti ikakatika. Kijana kwenye pazia aliendelea kusema, na hakuna Kiswahili kilichotoka.

"DJ, maiki imekufa?" alipiga kelele mtu wa nyuma.

"Haijafa."

 Kisha sauti ikatoka nyembamba, kama si ya DJ yule wanayemjua: "Nikamwambia, mama yangu namjua."

Akasimamisha picha. Bibi akabaki pale ukutani, chozi katikati ya shavu.

"Kuna tatizo, Simeoni?" aliuliza mwalimu Lucy.

"Lipo, mwalimu. Mmeona? Rukaiya kila akitokea anasema ovyo. Bibi huyu kila akitokea analia, na muziki unamsaidia. Kisiwa kizima hakuna Mdominika na Mhaiti waliooana, wanaogombana kuhusu chumvi ya mboga? Huyu bibi hacheki hata Krismasi? Wenye kamera walishapanga nani mbaya na nani wa kuhurumiwa kabla hawajashuka kwenye ndege."

"Umejuaje wewe?"

"Kwa sababu na kwetu walikuja. Munguli. Walimkuta mjomba wangu kavaa jezi ya mpira, wakamwambia avue, avae ngozi. Mama yangu alicheka, wakamwomba asicheke, anaharibu picha. Na mama yangu huwa anacheka mpaka kuku wanakimbia!"

 Sauti moja ikatoka safu ya tatu:

"Mama yako yupi, Simeoni?"

Hakuweza kumtazama. Akaliambia lile chozi la ukutani.

"Eliana wa Munguli. Mhadzabe. Yuko hai. Nilimuua mimi, Alhamisi, kwa kalamu ya Stanley."

"Mimi niliandika tu!" alipaza sauti Stanley kutoka dirishani.

Mzee Leonard alisimama taratibu, akavaa miwani yake.

"Kijana. Umenidanganya kwa maandishi."

"Nimekudanganya, mzee. Kwa uongo wangu naomba radhi." Simeoni akaweka maiki chini, maana hili hakutaka kulisema kwa spika. "Kwa mama yangu siombi radhi kwa mtu. Kama utaninyima binti yako kwa sababu yangu, sawa. Kwa sababu ya mama yangu, mzee, hapana. Nimemficha miaka miwili na leo nimeacha."

Mzee akatoka. Scholastika akatoka. Watu wakaomba dokumentari iendelee, na Simeoni akaiendeleza hadi mwisho bila mzaha hata mmoja. Wenye watoto wadogo wakadai hawajapata burudani.

Jioni simu ikatetemeka, ujumbe wa Scholastika.

"Yuko hai kweli?"

"Kweli."

"Kila mwezi wa tano nakupa pole. NIMEMWOMBEA MISA YA WAFU SIMEONI."

"Nisamehe Schola."

"Nilivaa nyeusi!"

"Najua. Ulipendeza."

Alijuta kabla hajaondoa kidole. Baada ya dakika kumi: "Nimekasirika hadi nimeunguza nywele za mteja. Nipe namba yake."

Akaipeleka. Alikuwa amekaa kibandani peke yake, na kupitia ukuta wa mbao akasikia spika ya simu ya Scholastika ikiita. Akasogeza sikio.

"Haloo?" Sauti ya mama.

"Shikamoo mama. Naitwa Scholastika, wa Manyoni. Mimi... mimi nimekuwa nakuombea upumzike kwa amani."

"Marahaba mwanangu. Kupumzika? Mimi sijachoka."

Likaja lile cheko, kubwa, limejaa simu nzima, na Scholastika, aliyekuwa analia, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, mwanao alisema umekufa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya baba yangu."

"Baba yako ananijua?"

"Hakujui, mama."

"Basi nije anijue. Jumapili ijayo?"

Scholastika akagonga ukuta kwa ngumi. "Wewe unayesikiliza! Sijakusamehe. Andika barua upya."

Stanley, kubeba barua ya pili, alikataa katakata. "Tisa kwa tisa, Schola! Unataka niharibu rekodi yangu kwa marehemu anayepanda basi?"

"Basi nipe kitambaa. Nitaipeleka mimi."

"Wewe? Binti hajipelekei posa!"

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Hakuna aliyewahi kufanya!"

"Safi. Watapata la kuongea."

Jumapili ile mama Eliana alipiga simu saa tatu asubuhi. "Niko Mkiwa. Basi linakunywa maji." Saa sita akashuka Manyoni, gauni la maua, viatu vyeupe, dumu la asali mkononi. Alimtazama mwanawe juu mpaka chini.

"Shikamoo mama."

"Mtana," akamjibu kwa salamu ya kwao, mbele ya stendi nzima. Akasubiri.

"Mtana," alisema Simeoni, kwa sauti ambayo hata makonda waligeuka.

"Haya. Twende kufufuka."

Mposaji haingii siku ya posa, kwa hiyo Simeoni alibaki nje ya ua wa minyaa wa mzee Leonard, sikio kazini kama kawaida yake.

"Hodi!"

"Scholastika, unabisha hodi kwenu?"

"Shikamoo baba. Leo mimi ni mshenga."

"Wewe ni nini?"

"Nimeleta barua ya Simeoni. Hii haina uongo. Na huyu ni mama yake."

Simeoni alisikia kiti kikisukumwa.

"Scholastika, nilishasema kuhusu hao watu."

"Umesema, baba. Na Jumamosi ulimcheka yule mama anayejiita Mhindi mpaka ukafuta machozi. Ulimcheka kwa nini?"

"Si alikuwa anawakana watu wanaofanana naye? Kichekesho."

"Baba. Jisikilize."

Kuku walisikika wakiparura. Kisha sauti ya mama yake Scholastika, mama Eliza, aliyeolewa miaka thelathini na mume anayeongea kwa niaba yake:

"Lete hapa, mwanangu."

"Eliza, usiipokee!"

"Nimeshaipokea. Kwa mikono miwili. Na wewe unajua, barua iliyopokewa kwa mikono miwili nyumba hii haijawahi kuirudisha. Karibu mama, pole na safari."

"Asante. Nimewaletea asali."

Mzee Leonard akakohoa, kile kikohozi cha mkuu wa stesheni ambaye treni imempita bila kumsalimia. Akajaribu pa mwisho alipokuwa na haki.

"Barua ya kwanza," alisema, "iliandikwa kwamba wewe, mama, ulifariki elfu mbili na kumi na mbili. Kwa malaria."

"Nimeambiwa," alijibu mama Eliana. "Mwaka ule nilikuwa na kazi nyingi. Sikupata nafasi."

Kisha kitu ambacho Simeoni, pale nje kwenye minyaa, hakukitegemea: mzee Leonard alipumua kwa pua, puh, akajizuia, ikamshinda, akacheka. Na mama Eliana naye akacheka, lile cheko lake ambalo wenye kamera walilikataa.

Kuku watatu waliruka ua, mmoja akatua juu ya kichwa cha mposaji.

"Eliza," sauti ya mzee ilitoka ndani, bado ina ukali wake wa kulinda heshima, "mletee mama mwenzako kiti. Na huyo kijana anayesikiliza nyuma ya minyaa aambiwe aingie na kuku wangu."