Picha Zilizoingia Zenyewe

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Shadya alifagia chumba cha mbele, akakung'uta pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti, kisha akafuta vumbi kwenye kabati la vioo. Chumba hicho ndicho kilichokuwa studio ya mama yake, Bi Mwanaasha, ambaye majirani wa Mwembesongo walizoea kumwita Mama Said. Flashi, betri na hata taa kubwa, Shadya aliruhusiwa kuzifuta. Kamera peke yake ndiyo hakuruhusiwa kuigusa.

Katazo hilo lilizidi ukali siku ilipoletwa kamera mpya. Ile ya zamani ilikuwa imechoka. Ukibonyeza kitufe, ilifikiri kwanza, na ikija kupiga, bibi harusi alikwisha fumba macho. Mama alipopokea zamu yake ya mchezo wa kina mama wa kuchangiana fedha, aliagiza nyingine kutoka Dar es Salaam, ya kisasa, yenye kioo cha nyuma kinachogeuka huku na huku na yenye kuona vizuri hata chumba chenye taa hafifu. Aliifunga ndani ya kanga, akaiweka juu ya kabati la nguo. Kila aliyepita karibu na kabati hilo aliangaliwa kwa jicho la wasiwasi, pamoja na paka.

Shadya hakujali sana, kwa sababu alikuwa na hesabu zake. Kamera mpya imekuja, basi ya zamani itakuwa yake. Alishafikiri hata mahali pa kuitundika. Mshangao ulioje alipomwona mama akimkabidhi Judith kamera hiyo!

Judith alikuwa msaidizi wa mama, binti wa wakulima wa ndizi na mboga kule Kinole, kwenye milima ya Uluguru. Alikuwa mpole na mwepesi wa kujifunza.

"Mama, na mimi je?" Shadya aliuliza.

"Wewe unagusa vitu bila kuuliza," mama akamjibu. "Siku utakayojua kuomba ruhusa, tutaongea."

Tangu siku hiyo Shadya alianza kumchunguza Judith. Na mtu ukishaamua kumchunguza, hukosi la kuona. Simu ya Judith ikiita, aliacha kila kitu, akakimbilia nje, akaongea Kiluguru kwa sauti ya chini huku amegeuza mgongo. Hata kama mteja amekaa mbele ya pazia na kidevu juu, Judith alikimbia tu. "Anaongea na nani huyu?" Shadya alijiuliza. "Mbona anajificha?" Hakuwahi kumwuliza mwenyewe.

Jumamosi moja walialikwa Mafiga kwenye shughuli ya kina mama, siku moja kabla ya harusi. Shughuli za namna hiyo ndizo zilizomlisha Mama Said. Ndani, bibi harusi hupambwa hina, na kina mama huvua mitandio wakacheza wanavyotaka, kwa kuwa hakuna mwanamume anayekanyaga humo. Ndiyo maana huitwa mpiga picha mwanamke, tena anayeaminika.

Mlangoni alisimama Bi Sabra, shangazi wa bibi harusi, na kapu kubwa la ukindu. Kila aliyeingia aliweka simu yake humo.

"Na wewe binti wa Kinole, lete," Bi Sabra alisema.

Judith aliweka simu yake yenye kioo kilichopasuka. Baadaye, ngoma ilipotulia kidogo, Shadya aliisikia ikiita ndani ya kapu. Judith aligeuka akaitazama kwa uchungu, lakini hakutoka mahali pake. Said, kaka yake Shadya, aliyekuwa amebeba vifaa kwenye pikipiki, hakuingia kabisa. Alikaa nje kwenye baraza, chini ya dirisha, akilinda waya wa taa. Shughuli ilikwenda vizuri, na kamera mpya haikumkosa mtu hata mmoja.

Siku chache baadaye, Bi Sabra akatokea studio. Shadya alimsalimu, "Shikamoo," akaitikiwa "Marahaba" kavu isiyo na tabasamu.

"Karibu ukae, Bi Sabra," mama alisema.

"Sikuja kukaa, Mama Said. Nimekuja kuuliza. Vijana wa maskani wamemwonaje wifi yangu akicheza kichwa wazi? Picha ya ndani hiyo! Kijana mmoja kamweleza dada yake mpaka rangi ya dera. Simu zote zilikuwa kwenye kapu langu. Kamera ilikuwa moja tu, nayo ni ya kwako."

Mama alishika ukingo wa meza. "Mimi? Miaka yote hii naingia kwenye nyumba zenu!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Nikiwaambia wenzangu, hakuna mlango Mafiga utakaofunguliwa tena. Nani mwingine alishika hizo picha?"

Judith ndiye aliyezihamisha picha kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye kompyuta. Macho yote yalimgeukia.

"Nilizihamisha, mama, lakini sikuzipeleka popote," alisema taratibu.

Hapo Shadya akaona nafasi yake. "Mama, dada Judith kila siku anatoka nje na simu. Anaongea kwa siri. Nimemwona mara nyingi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalisemwa kwa nia mbaya, na Shadya alilijua hilo wakati yakimtoka. Mama alimtazama Judith kwa muda mrefu.

"Msichana huyu akiondoka hapa, mimi nitayamaliza kimyakimya," Bi Sabra alisema. "Asipoondoka, nitasema."

"Judith," mama alisema bila kumwangalia, "nenda ukapumzike kwanza kwako."

Judith hakubisha. Aliitoa kamera ya zamani kwenye mkoba wake, akaiweka mezani pole pole, akaenda zake. Kamera sasa ilikuwa karibu kabisa na mkono wa Shadya, na ajabu ni kwamba hakutaka hata kuigusa.

Kuna jambo lililomkaa vibaya moyoni. Ile simu yenye kioo kilichopasuka ilikuwa kwenye kapu. Aliisikia ikiita. Sasa kama Judith hakuwa na simu, picha zilitokaje? Kwa kompyuta? Kompyuta ya studio haikuwa na intaneti tangu mvua zilipoanza. Shadya alianza kushuku upande mwingine, na mara hii aliangalia ndani ya nyumba yao wenyewe.

Kesho yake alimkuta Said nyuma ya jiko, amechuchumaa kandokando ya ndoo, akigusagusa simu haraka haraka. Aliposikia hatua, aliificha simu kwapani.

"Unaficha nini, kaka?"

"Sina kitu. Toka hapa."

Shadya alikuwa mwepesi. Aliichomoa simu, akaona. Kwenye kioo alikuwepo mama wa bibi harusi, mikono juu, akicheka kwa furaha, bila mtandio.

"Kumbe ni wewe!"

"Nyamaza!" Said alimvuta mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wallahi sijui zilikotoka. Nilimpa Hashimu simu aangalie mpira pale maskani, akaanza kucheka. Nikamnyang'anya. Nakuta picha za shughuli zimejaa! Hapa nilikuwa nazifuta. Sikuzipiga mimi. Ziliingia zenyewe."

"Sasa mbona hukumwambia mama?"

"Nimwambie nini? Kwamba picha ziliingia zenyewe? Nani ataamini? Wewe mwenyewe unaamini?"

Shadya aliamini, na alijua kwa nini.

Alikumbuka alasiri moja mama alipokwenda msibani. Yeye Shadya aliishusha kamera mpya kutoka juu ya kabati, akavaa hereni za mama, akajipiga picha akiwa amebinua midomo. Alitaka kuzitazama kwenye simu, na simu ya Said ilikuwa palepale ikichajiwa. Kamera za kisasa zinaweza kuunganishwa na simu bila waya, na hilo alilisikia kwa mama mwenyewe. Akabonyeza huku na huku. Simu ikamwuliza swali kwa Kiingereza, refu, na yeye alikuwa na haraka, akakubali bila kusoma. Kumbe aliulizwa kama picha zote zitakazopigwa zitumwe kwenye simu hiyo zenyewe. Baadaye alifuta picha zake, akairudisha kamera ndani ya kanga, akaukunja upindo vilevile alivyoukuta. Kamera na simu aliziacha zimeungana. Na siku ya shughuli, Said alikaa chini ya dirisha na simu mfukoni.

Shadya aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafikiri. Akinyamaza, kila kitu kitaisha. Judith ataondoka, Bi Sabra atafunga mdomo, milango ya Mafiga itabaki wazi, na huenda kamera ya zamani ikawa yake. Hakuna atakayejua. Lakini aliukumbuka mkono wa Judith ukiiweka kamera mezani, akaona aibu. Akamshika Said mkono, wakaingia ndani pamoja.

Mama alikuwa akichagua maharage. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Shadya, unamtetea kaka yako. Simu ikiwa karibu na kamera, sawa, lakini picha haziwezi kupita ukutani."

"Zinaweza, mama. Naomba ruhusa nikuonyeshe. Naomba ruhusa nishike kamera."

Mama alishtuka kidogo kusikia neno hilo. Aliishusha kamera mwenyewe, akaifungua kanga, lakini hakumpa. "Elekeza tu. Nitapiga mimi."

Said alipelekwa nje, nyuma ya dirisha lililofungwa, na simu yake mkononi. Mama akaelekeza kamera kwenye sufuria, akabonyeza. Wakasubiri. Kuku akalia huko nje, na bado kimya. Mama alikwisha anza kutikisa kichwa, mara sauti ya Said ikapasua hewa:

"Imeingia! Maharage! Mama, naona maharage!"

Mama alikaa chini kwa uzito. Kisha alisema polepole, "Nimemfukuza mtoto wa watu."

Siku hiyohiyo walikwenda Mafiga. Bi Sabra aliwapokea mlangoni akiwa amekunja mikono, na hakuamini kitu mpaka alipopigwa picha yeye mwenyewe sebuleni na kujiona kwenye simu iliyokuwa kibarazani. Aliichukua simu ya Said, akaipekua toka mwanzo hadi mwisho, akafuta kwa kidole chake kila picha ya shughuli iliyobaki. Hashimu naye aliitwa pamoja na mama yake, simu yake ikakaguliwa, ikaonekana aliona tu, hakuchukua kitu. Hapo mama akakata muunganisho wa kamera na simu mbele ya macho ya Bi Sabra, na Shadya akapiga magoti.

"Naomba radhi, Bi Sabra. Kosa ni langu. Dada Judith hakufanya chochote."

"Nitawaeleza wenzangu ilivyokuwa," Bi Sabra alisema. "Lakini nitaendelea kuiangalia hiyo kamera yenu kwa jicho kali."

Walimkuta Judith kwenye chumba chake cha kupanga, akikunja nguo kwenye begi. Mama aliiweka kamera ya zamani juu ya kitanda.

"Judith mwanangu, nisamehe. Sikukuuliza vizuri. Nilikuhukumu tu."

Shadya alisimama nyuma ya mama, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyeanza, dada. Nilikuonea wivu. Lakini kwa nini ukawa unakimbia nje na simu?"

Judith alifuta macho kwa upande wa kanga. "Mama yangu anaumwa mguu. Kule kwetu nyumbani mtandao haushiki, mpaka apande kilimani na fimbo yake. Akifika juu ananipigia. Nikichelewa kupokea, inabidi asubiri kwenye upepo. Ndiyo maana nakimbia."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niseme nini? Mlikuwa mmeshaniangalia."

Mama alianza kuzitoa nguo kwenye begi, moja baada ya nyingine, akizipanga tena kwenye kamba. Kisha akamgeukia Shadya.

"Sikiliza, Shadya. Kugusa kamera bila ruhusa lilikuwa kosa dogo. Ungelisema siku ileile, ningekugombeza na ningeukata muunganisho, yakaisha. Ulilificha, na lilipokuwa kubwa ukamwacha mwenzako alibebe. Ukifanya jambo, liseme mapema kabla halijamfikia mtu mwingine. Na kumwonea mtu wivu si ushahidi dhidi yake. Hilo nalisema kwako, na mimi mwenyewe nalisikia."

Mwezi uliofuata waliitwa kwenye shughuli nyingine Mafiga. Said aliagizwa kukaa ng'ambo ya barabara, simu yake ikiwa kwenye kapu pamoja na nyingine zote. Safari hii aliyekaa mlangoni na kapu alikuwa Shadya, chini ya uangalizi wa Bi Sabra, ambaye kila baada ya muda alichungulia kuhesabu simu kwa macho.

Ngoma ilikuwa imepamba moto kapu lilipoanza kuita. Ilikuwa simu yenye kioo kilichopasuka. Shadya alinyoosha mkono, akausimamisha njiani, akamgeukia Bi Sabra.

"Shangazi, naomba ruhusa."

Bi Sabra aliitazama simu, akamtazama mtoto, akatikisa kichwa kukubali. Shadya aliichukua, akapenya katikati ya kina mama wanaocheza, mpaka alipomfikia Judith.

"Dada, pokea upesi," alimwambia, akimtua mkoba wa kamera begani. "Mama yako yuko kilimani."