Rehani ya Kirangozi

Kidude kililia mahali pasipo na trafiki. Kililia siku sita mfululizo, kila siku jua likiwa utosini.

"Dada, kimeharibika," Festo alisema, akakiweka juu ya meza ya kazi. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa pakiti ya sigara, na kazi yake ilikuwa moja: kunusa tochi za trafiki, zile za kupimia mwendo, kabla trafiki hajamnusa dereva. "Kinanipigia kelele pale karibu na Tura, kabla ya kalavati. Nakanyaga breki, natambaa na hamsini, natafuta wale jamaa vichakani, hakuna hata mbuzi. Bosi kanuna mpaka basi."

Levina alikuwa fundi umeme wa magari mjini Tabora, na Festo ni mdogo wake wa kumfuata, dereva wa bosi mmoja. Banda lilikuwa la mumewe, Kornel, aliyefariki kwa homa ya siku tatu miezi minane nyuma. Shati lake la kazi bado lilining'inia kwenye msumari. Kila asubuhi Levina alilitazama, na kila asubuhi donge lilimkaa kifuani kama tonge la ugali lililokataa kushuka. Lilimuuma kwelikweli. Watu walimwambia atazoea, naye aliwajibu asanteni, akaendelea kuumia.

Kazi ndiyo iliyomshika. Madereva walisema vidude vilivyopita mikononi mwa Levina havidanganyi. Kinachonyamaza wakati tochi inapiga ni hasara, Kornel alikuwa akimfundisha, lakini kinacholia ovyo ni hasara zaidi, maana dereva hukizoea akaacha kukisikiliza. Basi akakifuta jicho kwa kitambaa chenye spiriti. Akaenda kwenye gari, akahamisha kishikizo chake kutoka nyuma ya waipa, akabandua kipande cha karatasi nyeusi kilichoziba kioo cha mbele. Kisha akakichomeka kwenye betri ndogo, akavitia vyote ndani ya kikapu, akaenda nacho kwenye hoteli yenye mlango unaojifungua wenyewe, kwa sababu mlango wa namna ile hutoa mawimbi yanayofanana na ya tochi. Akapita mara tatu. Kikalia mara tatu, mshale wake ukionyesha mbele, halafu ubavuni, halafu nyuma, kama inavyotakiwa.

"Fundi, leo unalala kwetu?" askari wa mlangoni akamtania.

"Nimekuja kuusalimia mlango tu."

Akarudi akamwambia Festo kwamba kidude ni kizima. "Pale pana mnara, au takataka gani sijui. Ukifika, bonyeza hapa mara tatu. Kitapakariri kwa satelaiti, hakitalia pale tena."

Hakuuliza pale pana nini. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini fundi aliyesifiwa sana huona haya kuuliza.

Wiki mbili zikapita. Siku moja Festo akaja bandani kula mchana, akamkuta dada yake akihangaika kutafuta kitambaa cha kuepulia maharage. Akainama, akaliepua sufuria kwa mkono mmoja, mtupu. Akasimama nalo hivyohivyo, akasimulia habari za bei ya tumbaku, mpaka Levina aliposikia harufu ya nyama inayoungua na kukumbuka kwamba leo hakupika nyama.

"Festo! Mkono!"

Festo aliutazama mkono wake wa kushoto. Ngozi ilikuwa imebaki kwenye sufuria. "Ah," akasema. "Hata sijasikia."

Ganzi ilianza vidoleni, akaeleza, ikapanda kiganjani, sasa ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Hospitali wamempima, hawakuona kitu, wamempa vidonge. Bosi kamwachisha kazi. Aliyasema yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

"Umefukuzwa kazi, Festo?"

"Ndiyo. Sawa tu."

Hapo ndipo Levina alipoogopa. Festo anayemjua yeye hulia timu yake ikifungwa. Alipozaliwa Jenifa, binti pekee wa Levina, Festo ndiye aliyelia kuliko mtoto.

Festo alikuwa amekuja na kidude, maana kilikuwa chake na si cha bosi. Levina akakichomeka kwenye umeme, ili mikono yake ipate cha kufanya. Kikalia. Kwenye kioo chake ikatokea namba moja, alama ya wimbi dogo, maana namba hupanda kadiri kitu kinavyokuwa karibu, na mshale ukaonyesha kushoto. Kushoto alikuwa amekaa Festo.

Levina akazima feni. Akazima simu yake, akazima ya Festo, akachomoa redio zote zilizokuwa mezani. Kikaendelea kulia, taratibu, mlio mmoja baada ya mwingine.

"Hebu hamia kulia," akanong'ona.

Festo akahamia kulia. Mshale ukamfuata.

"Festo, ulipokinyamazisha pale, nini kilitokea?"

"Nilipita na mia na ishirini. Nikaona mtu ubavuni kwa gari. Mrefu, kichwani amevaa manyoya, ameshika kijiti. Anatembea tu, lakini alikuwa sawasawa na mlango wangu. Nikampita. Halafu ndani ya gari kukanuka jasho na ngozi mbichi, na vioo nilikuwa nimevifunga."

"Mbona hukusema?"

"Sikuona haja."

Kesho yake walipanda treni mpaka Tura. Walielekezwa kwa mama mmoja aitwaye Advera, na Levina alitegemea kukuta vibuyu na chetezo. Akakuta kibanda cha kuchaji simu, sola juu ya paa, na mama mnene aliyejaza waya mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simu mia tatu, betri ya pikipiki elfu moja." Kisha akamwona Festo, akaweka waya chini. Pembeni palikuwa na chupa ya asali na nyuki akiizunguka. Advera akamdaka nyuki yule kwa vidole viwili, akambana kwenye mkono wa Festo, juu ya kiwiko. Nyuki akachoma. Festo akatazama mwiba ukibaki umesimama kwenye ngozi, akapepesa macho.

"Umempita kirangozi," Advera akasema kwa sauti ndogo. "Babu zetu walipobeba pembe na mizigo kwenda pwani, mbele ya msafara alitembea kirangozi, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Ukimtangulia, anachukua kitu chako rehani, unakikomboa mwisho wa mwendo. Wale wamekufa. Huyu aliyebaki barabarani si wao, ni jini aliyejifunza kwao, na sheria yao anaishika kuliko walivyoishika wenyewe. Ukija na gari, anakwenda kama gari. Ukija kwa miguu, anakwenda kwa miguu. Lakini wa mbele ni yeye. Sisi wa hapa hatupiti pale saa sita."

"Kamchukulia nini?" Levina aliuliza.

"Kusikia kwake. Kuumia kwake. Ganzi ikishafika kifuani atakula, atatembea, atakuitikia ukimwita, lakini hutamkuta ndani." Akamgeukia Levina. "Mna kitu kinachomwona?"

Levina, rozari shingoni, akatoa kidude kikapuni. Advera alikigeuzageuza kwa heshima ya fundi kwa fundi.

"Basi kirudishie sauti yake. Mtamfuata kwa miguu, kutoka kwenye mawe mawili makubwa yaliyo kando ya barabara mpaka kalavatini. Akisimama, simameni. Mshale ukae mbele. Na sala zenu za Kikatoliki pigeni, sijakataza, lakini miguu lazima itembee."

Levina akafuta kumbukumbu ya mahali pale, akafuta na jicho la kidude kwa ncha ya kanga, polepole, kama alivyokuwa akifanya Kornel. Saa sita kasoro wakawa kwenye mawe. Lami ilikuwa tupu. Miombo pande zote mbili haikutikisika jani.

Kidude kikalia. Mbele. Namba tatu.

Wakaanza kutembea. Mwenda pole hajikwai, Levina alijiambia, na macho hakuyatoa kwenye mshale, kwa kuwa mbele yao hapakuwa na mtu, palikuwa na lami tu, na ile harufu. Namba ikapanda ikawa tano, wakapunguza mwendo. Ikawa saba, wakasimama, nacho kitu kile kilikuwa kimesimama, maana mlio ulikaa palepale bila kupanda wala kushuka. Na katika kimya kile kikasikika kingoma kidogo, kikavu, kinachopigwa kwa kidole, kisha nyuma yao zikaanza nyayo, si za mtu mmoja wala wawili, ni miguu mingi mitupu inayokanyaga vumbi juu ya lami isiyo na vumbi, na pumzi za watu waliobeba mizigo mizito, na mtu fulani akikohoa karibu kabisa na kisogo chake, naye Levina asigeuke, akashika rozari kwa mkono mmoja na kidude kwa mkono mwingine, akahesabu hatua, mpaka wakalifikia kalavati, na hapo ndipo Festo, ambaye ganzi ilikuwa imeshaanza na kwenye vidole vya miguu bila yeye kujua, akajikwaa akaenda kifudifudi.

Levina akaruka mbele yake amdake.

Hatua moja. Mshale ukageuka ubavuni.

Kitu kikamgusa chini ya titi la kushoto, kwa wepesi, kama mtu anayechuma pilipili. Kisha mshale ukarudi mbele, namba ikashuka, tano, mbili, moja. Kikanyamaza.

"Yesu wangu!" Festo alipiga ukelele. "Mkono! Dada, mkono unaungua! Nakufa!" Alikuwa amekaa katikati ya barabara, ameukumbatia mkono wenye malengelenge, analia kwa machozi na makamasi, na huku anacheka. Levina alimshika kichwa akambembeleza. Alijua kwamba hii ni furaha. Aliitambua kama mtu anavyomtambua jirani kwa mbali.

Asubuhi ya pili yake alifungua banda. Akalitazama shati la Kornel msumarini. Akasubiri.

Donge halikuja. Akalishusha shati, akalinusa kwapani, mahali ambapo harufu yake ilikuwa bado imebaki. Shati tu. Donge lilikuwa limeondoka, na mahali pake palikuwa pakavu na patulivu kama chumba kilichohamwa. Kwa Festo ganzi ilianzia vidoleni ikapanda. Kwake ilianzia palepale.

Kidude kilikuwa mezani. Alipokichomeka kililia. Namba moja, mshale ukimwelekea yeye.

Alijua la kufanya. Treni ipo, mawe mawili yapo, na Festo, ambaye sasa aliumia kwa kila kitu, angemfuata hata kwa magoti. Alikaa mpaka mchana akifikiri juu ya miezi minane, na zile asubuhi, na tonge lile lisiloshuka. Halafu akanyoosha kidole, akabonyeza mara tatu. Kidude kikapakariri mahali pale, kikanyamaza, na alipokijaribu tena hakikulia. Kazi safi.

Nje, Jenifa alikuwa anakuja mbio kutoka shuleni, akajikwaa kwenye kizingiti akaanguka. Goti likachanika, damu ikateremka mpaka kwenye soksi.

"Mama! Mama!"

Levina alimsikia vizuri. Alimaliza kwanza kukunja waya.