Ukuta wa Mwalimu Kerbrat

"Ondoa mkono wako begani mwangu, Bertrand!"

"Ghislaine, mpenzi, taratibu. Wanafunzi watasikia."

"Wasikie! Umewaambia waandishi wa habari kwamba mchezo wa Dirisha ni wako. Niliutunga mimi, jikoni kwangu, wewe unakoroma!"

Katika chumba cha nyuma ya jukwaa, Bertrand aliendelea kukoroga rangi nyeupe ya kujipaka usoni, bila haya. Usiku huo Paris ilikuwa inamkumbuka marehemu Mwalimu Kerbrat, gwiji wa maigizo bubu, yale ya ishara bila maneno, na wanafunzi wake wa zamani wangechagua mrithi wa shule yake.

"Tukioana, shule si itakuwa yetu?"

"Yetu au yako?"

"Nani atampa mwanamke shule ile? Utafundisha watoto asubuhi. Utanishukuru."

Damu ilimchemka Ghislaine. Alivua pete ya uchumba, akaitumbukiza kwenye kopo la rangi.

"Jipake na hiyo!"

Jukwaani, Bertrand aliigiza Dirisha, akifungua hewani dirisha lisiloonekana, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ndipo Ghislaine akapanda, naye uso mweupe, kimya.

Kerbrat aliwaapisha wanafunzi wote siku ya kwanza: ukiwa na rangi usoni husemi, na ukuta wa kuwazia aliouweka mwenzako kwa viganja hewani hupiti, hata nyumba iungue.

Viganja vya Ghislaine vikajenga. Ukuta mbele ya Bertrand, nyuma, kulia, kushoto. Kisha akasimama nje, akamwonyesha kwa kidole: dirisha ni lako? Haya, litoboe.

Watu wakacheka. Bertrand akapapasa huku na huku. Alijua kufungua dirisha alilofundishwa tu. Kutunga jingine hakuweza. Kicheko kikazidi. Hasira zikampanda, akatembea moja kwa moja akaupita ukuta.

"Acha ujinga wako, mwanamke!"

Mjane wa Kerbrat akainuka mstari wa mbele.

"Amepita! Na amesema! Mume wangu nilikuwa namfungia ndani ya kuta kama hizo kila tukigombana, anakaa mpaka nimwonee huruma. Hakupita hata siku moja, kwa sababu alinipenda!"

"Mama, ni mchezo tu..."

"Usiniite mama! Mchezo tu? Basi shule ya nini?"

Wanafunzi wa zamani wakasimama mmoja mmoja, wakamgeukia Ghislaine. Mjane akamshikisha ufunguo wa shule.

Bertrand akamkimbilia, rangi ikimchuruzika shingoni.

"Ghislaine, nisamehe! Sema neno basi! Hata unitukane!"

Ghislaine alikuwa na matusi ya kumtosha mwaka mzima. Lakini rangi ilikuwa bado usoni. Aliinua kiganja, akaweka ukuta kati yao, akaenda zake.