Nimefika, Hakuna Mashine

Mimi ni fundi wa mita, na watu hawanipendi. Nami siwapendi. Tuanzie hapo, tusidanganyane.

Mtaani wananiita Bwana Giza, utadhani mimi ndiye ninayewazimia taa. Taa zinazimwa ofisini. Kila jioni watu wanawasha majiko kwa pamoja, mitambo inaelemewa, basi mtu mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta anabonyeza, na nyumba mia tano zinakosa umeme kwa nusu saa. Kisha inakuja zamu ya wengine. Bila hivyo mji mzima ungelala gizani, lakini nenda kamweleze mtu ambaye wali wake umebaki mbichi.

Wasiozimwa ni walio kwenye orodha tu: hospitali, na nyumba zenye mgonjwa anayepumua kwa mashine. Ili uingie humo, fundi lazima afike kwako, aione mashine kwa macho yake, atie sahihi. Na waongo ni wengi! Siku ya ukaguzi kila nyumba ina bibi mahututi. Kwa hiyo mimi na mwenzangu Kipara tulikuwa na utaratibu wetu. Tulikaa garini, tukajaza fomu zote bila kubisha hodi hata moja. *Nimefika. Hakuna mashine.* Mwenye shida ya kweli atakuja kulalamika.

Nyumba yangu imo kwenye orodha. Mama yangu anapumua kwa mashine ya oksijeni mwaka wa pili sasa, na fomu yake niliisimamia mwenyewe, herufi kwa herufi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Basi, Jumanne ile jioni, msimamizi akanipa kazi ndogo. Kuna mita, alisema, ikizimwa haizimiki. Kompyuta inasema imekatwa, nayo inaendelea kusoma umeme. Kidogo tu, uleule, kila jioni.

"Kaibadilishe kabla ya zamu yao, saa kumi na mbili na nusu."

Nilibisha. Mlango ukafunguka mkono wangu ukiwa bado juu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa uso. Alinitazama kama anatazama mende ndani ya sukari.

"Leo umefika," akasema.

"Nimekuja kubadilisha mita, dada."

"Najua. Safari hii pita mpaka ndani."

Mita ilikuwa ukutani, chumba cha mwisho. Humo mlinuka dawa na mpira uliopata moto. Kitanda kimoja, kimetandikwa vizuri. Mtandio wa kijani umekunjwa juu ya mto. Pembeni, juu ya meza, mashine ya oksijeni ya aina ileile ya mama yangu.

Ilikuwa inafanya kazi.

Fuuu… tsss. Fuuu… tsss.

"Nani anaitumia?"

"Hakuna mtu. Mama alikufa miezi mitatu iliyopita. Jioni, mlipotuzimia."

Taa ya chumba ikakatika. Saa kumi na mbili na nusu. Redio ya jirani ikanyamaza, na friji sebuleni, na feni. Mtaa mzima kimya.

Fuuu… tsss.

Nikawasha tochi. Waya wa mashine ulikuwa sakafuni. Plagi haikuchomekwa popote.

Nikajiambia, ina betri. Sisi mafundi hatukosi jibu. Nikaifungua mita, nikakata waya zake, nikaing'oa ukutani. Nikabaki nimeishika mkononi haina waya hata mmoja… na kioo chake kinawaka. Namba zinapanda.

"Hiyo ni pumzi yake," dada alinong'ona. "Kila jioni anakuja kuimalizia. Hana ugomvi na mtu. Anataka kitu kimoja tu."

Akanipa karatasi. Nakala ya fomu. Mwandiko wangu. *Nimefika. Hakuna mashine.*

"Andika ulichokiona."

Nilielewa. Nikiandika kwamba mashine ipo, nimekiri kwamba siku ile sikufika. Kazi imekwenda, labda na jela ipo. Nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Mimi sikumuua mama yako!" Nikaichana karatasi vipande vipande.

Mashine ikanyamaza.

Nikamulika kitanda. Shuka lilikuwa na bonde katikati, la mtu aliyeinuka sasa hivi. Mtandio haukuwepo.

"Haya, ametoka," dada akasema. "Nilimwomba akusubiri wewe. Sasa siwezi tena kumzuia."

Sikumbuki nilivyoendesha gari. Nilifika nyumbani saa moja na dakika tano, na nyumba yangu ilikuwa giza.

Mke wangu alikuwa amepiga magoti kando ya mama, anahangaika na mtungi wa akiba. "Wametuzimia! Si ulisema tumo kwenye orodha?"

Nikampigia Kipara. Yeye ndiye aliyekuwa akipitia upya orodha ya mtaa wetu, kwa sababu fundi haruhusiwi kukagua nyumba yake.

"Umejaza ukiwa garini, mshenzi wewe!"

"Kwako, kaka? Haki ya Mungu nimefika! Nimetoka hapo muda si mrefu, fomu nimeituma kwa simu. Kanifungulia bibi mmoja, kajifunga mtandio wa kijani. Kanipitisha vyumba vyote. Mashine hakuna, mama yako hayupo, nikajua mmempeleka hospitali."

Mke wangu hakutoka siku nzima. Hakusikia hodi.

Asubuhi nilimsimamia Kipara akajaza fomu mpya mbele ya mashine, msimamizi akaipiga muhuri nikiona. Saa moja jioni, giza. Fomu ilikuwa imerudi ilivyokuwa, *Hakuna mashine*, ila mwandiko haukuwa wa Kipara tena. Ulikuwa wangu. Nikarudi kwa yule dada, nimeshika kalamu, niko tayari kuandika lolote analotaka, jela na iwe jela. Mlango una kufuli. Nilichungulia dirishani: kitanda hakuna, mashine hakuna, ukutani tundu tupu nililoliacha mimi.

Mama amekataa hospitali. Anasema ana mgeni, si adabu kumkimbia mgeni.

Leo ni jioni ya tisa. Ni saa moja kasoro dakika mbili. Mshale wa mtungi wa akiba uko kwenye nyekundu, na anayetujazia mitungi ameniambia nije kesho. Naogopa. Mlangoni kuna mtu anabisha, taratibu, bila haraka. Mke wangu hasikii kitu.

Mama anasikia. Ameinua kichwa, anatabasamu.

"Mfungulie, mwanangu," ananong'ona. "Mwenzangu amefika."