Bangili Isiyo na Mwanya

Rafiki yangu Gideoni, fundi redio wa Makambako, siku hizi hataki hata kuiona mashine yake ya kutafutia vyuma.

Aliitembeza ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, akafukua bangili ya shaba iliyopitisha vidole vitatu tu. Akirudi, alimpitia Mwalimu Fidelia wa Njombe, mjuzi wa vitu vya kale. Mwalimu aliiosha mchanga, akaigeuzageuza.

“Haina mwanya, Gideoni. Alivishwa mtoto mchanga, mkono ukakulia humo. Hii haivuliki.”

“Sasa ilitokaje?”

“Mimi ningeirudisha leo hii.”

Gideoni akacheka, akaenda nayo nyumbani.

Jioni umeme ulikatika, na mezani alipoiweka bangili hapakuwa na kitu. Akawasha mashine, akaipitisha gizani. Chini ya meza, kimya. Mlangoni, kimya. Ilipofika kitandani alikolala Irine, bintiye wa miaka saba, ikalia mfululizo.

Akafunua blanketi, akamulika kwa simu. Bangili ilikuwa mkononi mwa Irine, imezama kwenye ngozi, na imejaa tena mchanga mbichi wa ziwani.