Kamusi na Chupa ya Mama Pacha

Kila asubuhi Kamusi alifagia ua, akaoga, kisha akajigamba. Hilo la tatu hakutumwa na mtu. Jina lenyewe alibandikwa na wenzake kwa sababu ya Kiingereza chake, naye akavimba kichwa kwelikweli. "Hakuna Kiingereza kinachonishinda!" alijipiga kifua.

Siku hiyo jirani yao, Mama Pacha, alimwita mlangoni. "Kamusi binti yangu, baba watoto kasafiri, kaniachia dawa hii ya wanangu. Mimi kusoma sijui. Hebu nisomee, inatumiwaje?"

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama sisimizi. Kamusi aliambulia maneno mawili matatu. Mengine, giza tupu. Aseme hajui? Yeye, Kamusi? "Kijiko kimoja kimoja, baada ya kula," alisema bila kupepesa macho, akashika njia ya shule.

Darasani mwalimu aliandika ubaoni: boast, boastful. "La kwanza ni kitendo, kujigamba. La pili linamweleza mtu mwenye majigambo. Kamusi, tutungie sentensi."

Kamusi aliinuka. "The boastful girl..." Msichana gani huyo? Wale pacha wakamjia machoni, midomo wazi, wakingoja kijiko. Nje mtoto akalia. Kamusi akageukia dirishani. Akajaribu tena, na kilio kikaja tena, ila sasa hakujua kama kilikuwa nje au kichwani mwake.

"Mwalimu," alinong'ona, "for external use only maana yake nini?"

"Ni ya kupaka tu, si ya kunywa. Umeyasoma wapi hayo?"

Wenzake walicheka wakidhani ni mzaha. Kamusi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nimemwambia Mama Pacha awanyweshe watoto!" alilia mbele ya darasa zima.

Walitoka mbio, yeye na mwalimu. Nyumbani kwa Mama Pacha palikuwa kimya, na kimya hicho kilimtisha kuliko kilio. Akasukuma mlango. Pacha walikuwa wameketi mkekani, uji mashavuni. Mama yao alikuwa ameshika kijiko kilichojaa dawa.

"Usiwape!" Kamusi alimrukia, dawa ikamwagika sakafuni.

"Una wazimu? Wamegoma kula tangu asubuhi, ndiyo kwanza wamemaliza uji!"

Mwalimu aliisoma chupa, akamweleza kwamba ni dawa ya kupaka vipele. Mama Pacha akawavuta wanawe kifuani.

"Si ulinisomea mwenyewe?"

"Sikuelewa, mama. Niliona aibu kusema sijui. Nisamehe."

Mama Pacha alimgeukia. "Nimekusamehe, kwa kuwa umerudi. Lakini mimi, mtu mzima mzima, nilisimama mbele yako nikasema sijui, na sikufa. Wewe ulishindwa nini? Usipojua, sema hujui. Aibu yake ni ya dakika moja. Wanangu ningewapata wapi tena?"

Kamusi alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kuifuta ile dawa.